Kadi ya PLC Imekufa na Haitengenezwi Tena: Namna ya Kupata Nyingine

Laini imesimama, taa nyekundu inawaka kwenye CPU, kadi kuu ya PLC (kompyuta ya kiwandani inayoendesha mashine), na wakala wa mtengenezaji anakujibu kwenye simu kwamba kadi hiyo ilishafutwa kwenye katalogi. Kabati liko wazi mbele yako na meneja wa uzalishaji anauliza kila baada ya dakika kumi, "Lini?" Hapo ndipo mtu anaposhika simu na kununua kadi ya kwanza inayofanana na yake kwa picha. Nimeona fedha nyingi zikipotea hivyo, na baadhi ya hati za malipo nilizisaini mimi mwenyewe.

Mitambo ya aina hii iko mingi. SIMATIC S5 ya Siemens iliingia sokoni mwaka 1979. PLC-5 ya Allen-Bradley ilitoka mwaka 1986 na Rockwell Automation, mmiliki wa chapa hiyo, ikaifuta Juni 2017. Zote mbili bado zinaendesha pampu, matanuri na mikanda ya kubebea mizigo, tena bila kusumbua. Tatizo ni kwamba mashine hujengwa ikae miaka 30 au 40, ilhali chipu zilizomo ndani ya kadi huondoka sokoni mapema zaidi. Sheria nazo hubadilika: masharti ya RoHS ya Umoja wa Ulaya, yanayobana matumizi ya risasi kwenye lehemu, yalianza kutumika 1 Julai 2006, na 22 Julai 2017 yakafika kwenye vifaa vya kupimia na kudhibitia vya viwandani. Mtengenezaji akitakiwa kusanifu upya bodi ya miaka ya themanini, mara nyingi huona heri aachane nayo.

Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni kadi yenyewe

Kabla ya kutafuta kipuri, pima umeme. Kadi za S7-300 za Siemens, kwa mfano, zinataka volti 24 za DC, na mpaka unaoruhusiwa ni kuanzia 20.4 hadi 28.8. Pima mzigo ukiwa umewaka, maana pawasaplai iliyochoka inaweza kuonyesha 24 safi ikiwa peke yake, kisha ikadondoka mara tu vali tatu zinapofunguka kwa pamoja. Kama una osiloskopu, angalia pia kama DC imetulia au ina mawimbi juu yake. Kisha kagua fyuzi, feni ya kabati, na pini za bodi ya nyuma ya raki (fremu inayobeba kadi) kama zimepinda au zimeota kutu.

Kuna wakati tuliagiza kadi mbili za ingizo kwa sababu sensa zilikuwa zinapotea na kurudi. Zilifika, tukazifunga, na ugonjwa ukabaki palepale. Volti zilikuwa zinashuka hadi 18 kila mota fulani ilipoanza, kwa sababu mtu alikuwa ameunganisha mzigo mwingine kwenye pawasaplai ileile miaka iliyopita. Tulitumia wiki tatu na hela ya kadi mbili kutibu kitu ambacho multimita ingekionyesha kwa dakika tano.

Ikiwa CPU bado inapumua, fanya jambo moja kabla ya mengine yote: toa nakala ya programu na uihifadhi mahali pawili. PLC nyingi za zamani hushika programu kwenye kumbukumbu inayotegemea betri ndogo ya lithiamu. Ukizima umeme huku betri imekwisha, programu inaondoka. Kwa hiyo betri ya CPU ya namna hiyo hubadilishwa umeme ukiwa umewaka, tena baada ya nakala kupatikana. Halafu piga picha: mpangilio wa swichi za DIP (swichi ndogo za kupanga kadi), jampa, rangi za waya, nafasi ya kila kadi kwenye raki. Kadi mpya itakuja swichi zake zikiwa zimewekwa kwa namna ya kiwanda kingine.

Hatua ya 2: Soma lebo mpaka herufi ya mwisho

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na nitakaa kidogo. Watu wa S7-300 husema "natafuta CPU 315-2 DP". Jina hilo limebeba kadi za vizazi tofauti. Chukua namba mbili hizi:

6ES7 315-2AF03-0AB0
6ES7 315-2AG10-0AB0

Usoni zote zimeandikwa 315-2 DP. Ya kwanza ni ya kizazi cha zamani, chenye nafasi ya betri. Ya pili haina betri. Inataka kadi ndogo ya kumbukumbu ya MMC, na bila MMC hiyo huwezi kuipakia programu kabisa. Vilevile huwezi kuichomeka badala ya ile ya kwanza ukaondoka: usanidi wa vifaa ndani ya STEP 7, programu ya kompyuta ya Siemens ya kupangia PLC, lazima ubadilishwe ulingane na namba mpya, kisha upakiwe upya.

Yalinikuta. Muuzaji aliandika "ni sawasawa, imeboreshwa tu". Boksi lilifika usiku, tukalifungua juu ya meza ya stoo, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ule mwanya mwembamba wa MMC ulio mbele ya kadi, mtupu. Hatukuwa na MMC hata moja. CPU ilikuwa nzima, haina dosari, na haikutusaidia lolote kwa siku sita mpaka MMC ilipopatikana. Na ukishaipata, usiichomeke kwenye laptopu na kuifomati kama kadi ya kamera. MMC za Siemens zina mpangilio wake wa ndani, na kufomati kwa njia ya kawaida kunaziharibu.

Kwa Allen-Bradley, herufi ya mwisho baada ya mstari wa mkwaju ndiyo mfululizo wa kadi: 1756-L61/A na 1756-L61/B si kitu kimoja. Kwenye ControlLogix, familia ya kadi hizo, namba kuu ya toleo la fimwea (programu ya ndani ya kadi yenyewe) lazima ilingane na ile ya faili la mradi wako. Kadi ya mfululizo mpya inaweza isikubali kurudishwa kwenye fimwea ya zamani unayoitumia, na hapo utajikuta unahitaji pia toleo jipya la programu ya kompyuta na leseni yake. Bei ya kadi inakuwa sehemu ndogo tu ya gharama.

Andika haya yote kwenye karatasi moja kabla hujamwandikia muuzaji yeyote: namba kamili ya kuagizia, herufi ya mfululizo, toleo la fimwea, volti, idadi ya chaneli, na aina ya kiunganishi cha mbele. Hicho cha mwisho husahaulika sana. Kadi za S7-300 zina kiunganishi cha pini 20 au 40, na wauzaji wengi hutuma kadi bila kiunganishi. Kwa kadi za kidijitali, andika pia kama mkondo unaingia kwenye kadi au unatoka kwenye kadi. Ukikosea hapo, waya zote za sensa zitakuwa kinyume.

Hatua ya 3: Jua kadi imefikia wapi katika maisha yake

Kadi kutoonekana kwenye katalogi hakumaanishi kwamba haipatikani kwa mtengenezaji. Kila mtengenezaji mkubwa ana ngazi zake. ABB hutumia maneno manne: Active, Classic, Limited na Obsolete, na tofauti ya hayo mawili ya mwisho ni kubwa, kwa sababu Limited bado ina msaada ingawa umepungua. Siemens hutumia alama: PM400 ni kuanza kuondolewa sokoni, PM410 ni kufutwa kama bidhaa mpya ingawa vipuri bado vinatolewa, na PM490 ni mwisho kabisa. Rockwell nayo huonyesha hali ya kila namba na mara nyingi hupendekeza mbadala wake.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu ngazi ndiyo inayokuambia una muda kiasi gani. Familia ya S7-300 ilianza kuondolewa sokoni 1 Oktoba 2023, na Siemens imesema vipuri vyake vitapatikana hadi 2033. Mwenye S7-300 leo ana nafasi ya kupanga na kununua kadi mpya halali akiwa ametulia. Mwenye S5 hana nafasi hiyo. Ukiwaweka wote wawili kwenye orodha moja ya "mitambo ya zamani", utampa huyu haraka asiyoihitaji na yule utulivu usio wake.

Uliza pia kama mtengenezaji ana huduma ya kubadilishana: unampa kadi mbovu, anakupa iliyokarabatiwa naye, kwa bei iliyo chini ya kadi mpya. Huduma hii mara nyingi huendelea hata baada ya kadi mpya kwisha, lakini inadai kadi mbovu mkononi. Kwa sababu hiyo, kadi iliyokufa usiitupe wala usimwachie mnunuzi wa chuma chakavu.

Hatua ya 4: Tafuta kwa mpangilio huu

Anza stoo yako mwenyewe. Usiulize mfumo wa kompyuta peke yake, nenda ukaangalie rafu kwa macho. Kadi za PLC huandikishwa kwa majina ya ajabu: "bodi ya mashine namba 4", "kifaa cha umeme", au jina la fundi aliyestaafu. Nimeona kadi ya analogi ikiwa kwenye boksi lililoandikwa "vifaa vya kompyuta", imekaa hapo haijafunguliwa miaka kumi na moja, huku tukitafuta mwenzake dunia nzima.

Kisha angalia mashine zilizosimamishwa. Mashine iliyokaa kona ikisubiri kuuzwa kama chakavu inaweza kuwa na raki nzima ya kadi nzuri ndani yake. Zitoe kabla lori halijafika, na ombi hilo lipeleke kwa maandishi kwa wanaohusika na mali za kampuni, usije ukaonekana unajigawia.

Baada ya hapo waulize wenzako. Viwanda dada vya kampuni yako, na hata viwanda vingine vyenye mashine ya aina ileile, mara nyingi vimeshahamia mfumo mpya na vina kadi za zamani zinazojaza vumbi. Mjenzi wa mashine naye asisahauliwe. Huyu si mtengenezaji wa PLC, ni yule aliyeijenga mashine yenyewe, na huwa anaweka vipuri kwa ajili ya wateja wake wa zamani.

Ndipo uende sokoni: maduka yanayobobea kwenye vipuri vilivyofutwa, karakana za ukarabati wa elektroniki za viwandani, minada ya viwanda vilivyofungwa, na mwisho kabisa masoko ya mtandaoni kama eBay. Kadi nzuri zipo kote humo. Kadri unavyoshuka kwenye orodha hii, ndivyo mzigo wa kuthibitisha unavyokuangukia wewe.

Neno moja kuhusu madalali. Dalali akisema "ninayo", mara nyingi maana yake ni "najua pa kuitafuta". Ukiwaandikia madalali kumi kwa siku moja, wote kumi watampigia mtu yuleyule mwenye kadi moja, na yeye ataona ghafla kadi yake inatakwa na watu kumi. Bei inapanda kwa mahitaji ambayo hayapo. Mhitaji ni wewe peke yako. Waandikie wawili au watatu, subiri jibu, na muulize kila mmoja waziwazi kama kadi iko kwenye rafu yake mwenyewe.

Hatua ya 5: Mhoji muuzaji

Maneno ya hali ya kadi hayana kipimo kimoja, kwa hiyo muombe ayaeleze. "Mpya" inaweza kuwa mpya kwenye boksi lenye muhuri wa kiwanda, au mpya iliyofunguliwa, au iliyokaa kwenye mashine ambayo haikuwahi kuwashwa. "Imekarabatiwa" inaweza kumaanisha kapasita zote zimebadilishwa na kila chaneli imepimwa, au imepulizwa vumbi na kupanguswa. "Ilivyo" maana yake ikifika imekufa, hiyo ni juu yako.

Mimi huuliza maswali haya kwa barua pepe, nipate majibu yaliyoandikwa. Kadi imepimwaje: imewashwa tu mpaka taa ikawaka, au imewekwa kwenye raki na kila chaneli ikajaribiwa? Kwa pawasaplai, ilipimwa ikiwa na mzigo wa ampea ngapi? Imetoka wapi? Waranti ni ya muda gani, na inaanza kuhesabiwa siku ya kutumwa au ya kupokelewa? Kadi ikiwa mbovu, nani analipa usafiri wa kuirudisha?

Omba picha za kadi hiyohiyo, pande zote, lebo ikisomeka, pini za nyuma zikionekana, na pembeni karatasi yenye tarehe ya leo iliyoandikwa kwa mkono. Muuzaji mwenye kadi mkononi hupiga picha hiyo kwa dakika mbili. Asiye nayo atakutumia picha ya katalogi na maelezo marefu.

Kuhusu malipo: lipa kwenye akaunti yenye jina la kampuni iliyokuandikia ankara, na oda ya kwanza iwe ndogo. Ikija barua pepe katikati ya mazungumzo kwamba "akaunti yetu imebadilika", acha kila kitu na upige simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyomo kwenye barua hiyo. Uharaka wa laini iliyosimama ndio mlango ambao matapeli huingilia.

Hatua ya 6: Ikifika, itafute dosari kabla ya kuifurahia

Bidhaa zilizochakachuliwa zipo, hasa pale kadi inapokuwa adimu na ghali. Muhuri wa boksi peke yake haukuambii mengi, kwa kuwa unaweza kuchapishwa upya. Angalia vitu ambavyo ni vigumu kuvighushi vyote kwa pamoja.

Chipu nyingi zina namba ya tarakimu nne inayoonyesha mwaka na wiki: 9814 ni wiki ya 14 ya mwaka 1998. Kadi ambayo lebo yake inasema ilitengenezwa 1996 lakini ina chipu ya 0327 ilifunguliwa na mtu baada ya kutoka kiwandani. Huenda ni ukarabati halali kabisa, lakini kama iliuzwa kama mpya, una swali la kuuliza. Tazama vichwa vya skrubu kama vina mikwaruzo ya bisibisi. Tazama pini za nyuma: kadi isiyowahi kuchomekwa haina mistari ya msuguano kwenye dhahabu.

Ukinunua chipu tupu kwa ajili ya kukarabati bodi, kuwa mkali zaidi. Njia ya kawaida ya kughushi ni kusaga maandishi ya zamani, kupaka rangi nyeusi juu, na kuchapisha upya. Chovya pamba kwenye asetoni na usugue: ikirudi na weusi, chipu imepakwa. Linganisha pia uso wa juu na wa chini wa chipu. Chini pana chembechembe, juu pakiwa laini kama kioo, kuna jambo.

Hatua ya 7: Fikiria kukarabati ile uliyonayo

Kwa pawasaplai na kadi za matokeo, ningeanza na ukarabati kabla ya kununua mitumba. Sehemu zinazochoka kwanza zinajulikana: kapasita za elektroliti, rilei, optokapla, feni, na kwenye skrini za zamani, taa ya nyuma. Zote hizi zina mbadala zinazotengenezwa hadi leo, na hata chipu nyingi za familia ya 74 (chipu za kawaida za mantiki) bado zinauzwa mpya.

Kapasita hukauka kwa joto. Kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi 10 za selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Kabati lenye feni iliyokufa linaweza kula miaka kumi ya kapasita kwa muda mfupi sana, kwa hiyo ukibadilisha kapasita bila kutengeneza feni utarudi tena palepale. Nunua zenye kiwango cha nyuzi 105 na volti zisizopungua za awali. Na tahadhari: pawasaplai inayoingia volti 230 za AC hushika takriban volti 325 za DC kwenye kapasita zake kubwa, na zinaweza kubaki humo baada ya kuchomoa. Ziondoe kupitia rezista, kisha upime, ndipo uguse.

Kinachokwamisha ukarabati ni chipu zenye programu ndani: EPROM, PAL, GAL. EPROM yenye kidirisha hufutika kwa mwanga wa urujuani mno, na hata ikifunikwa vizuri, chaji iliyomo hupungua kwa miaka. Kama una kadi nzima za S5 au za umri huo, toa nakala za EPROM zake sasa hivi zikiwa bado zinasomeka, na ubandike stika mpya juu ya kidirisha. PAL na GAL mara nyingi zimefungwa zisisomwe, kwa hiyo ikifa hiyo, bodi inakuwa ghala la sehemu nyingine.

Kadi za mifumo ya usalama, zile zinazozima mashine mtu akifungua mlango wa kinga, usizikarabati mezani kwako. Hizo zirudi kwa mtengenezaji au zibadilishwe na mfumo wenye cheti. Hapo hakuna akiba inayostahili mkono wa mtu.

Hatua ya 8: Ipime mezani

Kadi ambayo haijapimwa usiihesabu kuwa spea. Tengeneza raki ya majaribio: bodi ya nyuma, pawasaplai, CPU moja, na vituo vya waya. Mara nyingi raki hiyo hupatikana kwenye mashine ileile iliyosimamishwa.

CPU ya mitumba huja na programu ya kiwanda kingine ndani yake, na wakati mwingine na nywila. Ifute kumbukumbu yote ikiwa mezani. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mashine, inaweza kuwasha matokeo usiyoyatarajia. Kadi za analogi zipe 4, 8, 12, 16 na 20 mA kwenye kila chaneli na uandike kilichosomwa. Kadi za matokeo zipime kwa mzigo halisi, balbu au koili, kwa sababu transista iliyoungua nusu inaweza kuonyesha volti nzuri kwenye multimita na kuanguka mara tu mkondo unapopita.

Pawasaplai iliyokaa stoo miaka mingi isipewe umeme wote kwa mara moja. Tabaka la oksidi ndani ya kapasita hudhoofika zikikaa bila volti, na kuziamsha ghafla kunaweza kuzipasua. Zipe volti kidogokidogo kupitia rezista, au zibadilishe tu kama umri wake unatia shaka.

Acha kadi iwake saa 48 ndani ya raki yenye joto linalokaribia la kabati lako. Kadi nyingi mbovu hupita dakika kumi za kwanza bila tatizo. Kisha bandika karatasi: tarehe, nani alipima, fimwea gani, matokeo. Irudishe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli pamoja na vifuko vya silika. Betri ihifadhiwe nje ya kadi. Usafirishaji wa lithiamu una masharti yake, UN 3090 ikiwa betri peke yake na UN 3091 ikiwa pamoja na kifaa, na mzigo usiotangazwa vizuri hukwama njiani. Kwa forodha, PLC kwa kawaida huingia chini ya namba ya ushuru 8537.10. Mwambie muuzaji aiandike kwenye ankara.

Hatua ya 9: Kumbuka kebo na programu

Kadi nzuri isiyo na njia ya kuongea nayo haisaidii. S5 inaongea kupitia mkondo wa 20 mA kwenye kiunganishi cha pini 15, na adapta nyingi za USB hazielewani na programu za wakati wa DOS. Weka laptopu moja ya zamani yenye tundu la kweli la serial, tengeneza nakala nzima ya diski yake, na uhifadhi nakala hiyo nje ya jengo. PLC-5 inayotumia DH+, mtandao wa mawasiliano wa Allen-Bradley, inataka kadi au kebo yake maalumu. 1784-U2DHP ndiyo inayofaa kwa kompyuta zenye USB. Leseni za zamani za Siemens zilikuja kwenye disketi. Kama bado unazo, zihamishe leo, kwa sababu disketi nazo zinakufa.

Hatua ya 10: Amua ni mashine ipi ihame kwanza

Kuna kiwango cha kimataifa cha kusimamia vitu vinavyopitwa na wakati, IEC 62402, kilichotoka 2007 na kurekebishwa 2019. Kinafaa kusomwa, hasa ukitaka kumshawishi mtu wa fedha. Kwa fundi, hesabu inaanza na swali moja: kadi hii ikifa leo usiku, kiwanda kinasimama siku ngapi? Panga kadi zako zote kwa jibu hilo. Zilizo juu zipate spea mbili zilizopimwa, za katikati moja, za chini zinaweza kusubiri.

Halafu, badala ya kubadilisha mitambo yote kwa pamoja, hamisha mashine moja yenye kadi nyingi zinazofanana na za wenzake. Vipo vifaa vya kurahisisha, kama 1492 ya Rockwell inayoruhusu waya za raki ya 1771 kubaki kwenye viunganishi vyake huku kadi za nyuma zikiwa mpya. Kadi zinazotoka kwenye mashine hiyo zinakuwa spea za mashine zilizobaki, na zina sifa ambayo hakuna dalali anayeweza kukuuzia: unajua zilikaa kabati gani, kwa joto gani, na zilikuwa zinafanya kazi asubuhi ile ulipozitoa. Ziwekee lebo kwa namba ya nafasi zilipotoka, zipime kwenye raki ya majaribio wiki hiyohiyo, na uziandikishe stoo kwa namba kamili ya kuagizia, ili atakayezitafuta miaka kumi ijayo azipate.